Keki ya rangi sita: unga ni bei nafuu, kazi ya mwokaji ndiyo haihesabiwi

MWANANGU wa kike alipokaribia kutimiza miaka sita, Julai mwaka jana, hakutaka gauni wala baiskeli. Alitaka keki. Tena si keki yoyote, bali ile aliyoiona kwenye simu ya mama yake: kwa nje nyeupe tupu, ukiikata unakuta matabaka sita, kila tabaka na rangi yake. Nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu na zambarau. Keki ya upinde wa mvua. Upinde tuliofundishwa shuleni una rangi saba, lakini waokaji wengi huiacha ile ya nili, maana jicho la mtoto haliitofautishi na bluu na tabaka la saba ni gharama nyingine.

Kwetu Mtwara, Julai si mwezi wa keki. Mikorosho inatoa maua, fedha ya msimu uliopita imekwisha, na kidogo kilichobaki kinakwenda kwenye salfa ya kuzuia ubwiriunga. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Lakini siku ya kuzaliwa haisubiri mnada, na mtoto alishawaambia wenzake wote wa darasa la kwanza.

Nikaenda kwa jirani yetu hapa Shangani. Ni rafiki wa mke wangu, kwa hiyo ananiita shemeji nami namwita shemeji. Asubuhi anauza vitumbua, jioni anaoka keki za kuagizwa. Nikamuuliza bei.

"Ya rangi zote sita? Elfu thelathini na tano, shemeji."

"Umeifikiaje hiyo?"

"Ya kawaida nauza elfu ishirini na tano. Hii nimeongeza kumi ya rangi."

Mimi ni mchumi wa kilimo. Kazi yangu ni kukaa na wakulima tukihesabu gharama za ekari, na jibu la namna hiyo nimelisikia kwa wakulima wa ufuta, wa mpunga na wa korosho: bei ya jirani, au bei ya mwaka jana, ongeza kidogo. Nikamwomba anikubalie jambo moja. Nije na daftari na mizani siku ya kuoka, niandike kila kinachoingia na kila saa inayopita. Akacheka. "Andika, ila usinizibie mlango."

Tulianza Ijumaa saa nane mchana. Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka, kwani vinne vikuu vinalingana kwa uzito: unga wa ngano gramu 600, sukari gramu 600, siagi ya kopo gramu 600 (ile ambayo wengi tunaiita Blue Band hata kama kopo lina jina jingine), na mayai 12, ambayo bila maganda yanakaribia gramu 600. Ukiongeza bekingi pauda, vanila na chumvi kidogo, unapata rojo la kilo mbili na ushee. Gawa kwa sita, kila tabaka gramu 400, katika sufuria pana la sentimita 20.

Oveni hana. Anaoka kwa mkaa, kwa namna ambayo mama zetu wa pwani wamepikia mkate wa kumimina miaka yote: sufuria kubwa lenye mchanga chini, ndani yake sufuria la keki, juu mfuniko uliopaliwa makaa. Siri ni moto mwingi juu na mdogo chini. Chini kukizidi, keki inapata ganda la kahawia, na kwenye keki ya rangi ganda hilo ni hasara mara mbili, kwanza linaficha rangi, pili inabidi ulikate na kulitupa. (Msomaji atauliza kuhusu gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Baadhi ya nyumba za Mtwara zimeunganishwa. Uchochoro wa shemeji bado.)

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikiwa na mizani yangu na kiherehere cha msomi, nilimshauri achanganye rojo lote kwa mkupuo, aligawe kwenye mabakuli sita, atie rangi zote, kisha aoke moja baada ya jingine. Nilidhani nimeokoa muda. Lakini alikuwa na sufuria moja tu la saizi ile, na kila tabaka linakaa motoni dakika 20 hivi. Zidisha kwa sita. Tabaka la kwanza, jekundu, lilitoka limeumuka vizuri. La tano na la sita yalikuwa yamekaa kwenye bakuli zaidi ya saa moja na nusu. Bekingi pauda huanza kutoa hewa mara inapolowa, na hewa ikishatoka kabla ya moto, imetoka. Tabaka la zambarau lilikuja bapa kama chapati. La bluu lilikuwa bapa na tena la kijani.

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Akahesabu kwa kidole. "Baba, mbona kijani ziko mbili?"

Kuhusu hilo la kijani, sababu yake ni nyepesi. Kiini cha yai ni cha njano na siagi ya kopo ni ya njano. Bluu ikiingia kwenye njano inakuwa kijani, kama tulivyojifunza kwa penseli za rangi. Shemeji alilijua, ila nilikuwa nimemharakisha. Dawa yake ni tone dogo sana la zambarau kwanza, ambalo linaiua njano ya rojo, ndipo utie bluu. Tabaka la bluu pia unaweza kulifanya kwa ute wa mayai peke yake na kupeleka viini kwenye tabaka la njano, ambako havidhuru kitu.

Saa moja usiku tulirudia matabaka mawili. Safari hii kwa utaratibu wake, ambao sasa naueleza kwa kila anayeniuliza. Piga sukari, siagi na mayai pamoja na uviache kwenye bakuli moja lililokaa ndani ya beseni la maji baridi. Unga na bekingi pauda vikae pembeni vikiwa vikavu. Sufuria linapokuwa tayari, chota gramu 300 za mchanganyiko wa mayai, tia gramu 100 za unga zilizokwisha changanywa na kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda, tia rangi, mimina, funika. Tabaka linalofuata usiliguse mpaka la kwanza litoke. Kwa njia hiyo kila tabaka linaingia motoni likiwa jipya. Hata hivyo mayai mabichi hayapendi joto letu, kwa hiyo mwenye sufuria moja ni afadhali apige mayai kwa awamu mbili, matabaka matatu matatu. Mwenye masufuria mawili amepona kabisa.

Sasa turudi kwenye daftari. Bei ninazoziweka hapa ni tulizolipa sisi kwa siku zile. Wewe weka za duka lako, kwa maana kinachohitajika ni hesabu na si bei yangu.

Unga gramu 600 ulitugharimu shilingi 1,200. Sukari 1,800. Siagi 6,000. Mayai 12 kwa shilingi 350 moja, 4,200. Bekingi pauda, vanila na chumvi, 800. Rangi za chakula shemeji hanunui sita, ananunua tatu tu, nyekundu, njano na bluu, na zilizobaki anazichanganya mwenyewe, jambo ambalo lilinifurahisha sana. Vichupa vitatu kwa 4,000 kila kimoja ni 12,000, na kwa makisio yake vinatosha keki sita, hivyo keki moja inabeba 2,000. Krimu ya kupaka katikati na nje, yaani siagi nusu kilo na sukari ya unga kilo moja, 10,000. Jumla ya vitu vya kuliwa ni 26,000. Mkaa 3,000. Ubao wa chini, boksi na mishumaa 4,000. Tumefika 33,000, na bado hakuna mtu aliyelipwa.

Yaani katika 35,000 aliyonitajia, yeye angebaki na 2,000. Nikamwonyesha saa. Kwenda sokoni saa moja, kupima na kupiga saa moja, kuoka saa mbili na nusu kwa keki isiyoharibiwa na mchumi, kupaka na kupamba saa mbili, kuosha vyombo nusu saa. Saa saba. Gawanya 2,000 kwa saba, hazifiki 300 kwa saa. Nikamuuliza vitumbua vinampa nini. Akafikiri, akasema kwa saa nne za asubuhi anabakiwa na 6,000 baada ya mchele, nazi na kuni. Hiyo ni 1,500 kwa saa. Ina maana kila anapoacha kitumbua na kushika keki ya rangi sita anajipunguzia kipato mara tano, huku mtaa mzima ukimwona ameendelea.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo maana sufuria la pili halinunuliki."

Tukaweka kazi yake kwa kiwango cha vitumbua: saa saba kwa 1,500, 10,500. Kuchakaa kwa masufuria na mashine ya kupigia mayai, 1,500. Na hasara, kwa sababu kwa makadirio yake keki moja katika kumi humharibikia, basi tunaweka sehemu ya kumi ya ile 33,000, yaani 3,300. (Matabaka mawili niliyoyaua mimi yalikula vitu vya shilingi 4,700 bila kuhesabu mkaa.) Gharama kamili ikawa 48,300. Hapo hajapata faida hata senti. Amejirudishia tu kilicho chake.

Wanunuzi wengi, wanapoambiwa bei ya keki, hujibu kwa unga na sukari: "Si unga nusu kilo tu na sukari?" Unga na sukari kwenye keki hii ni 3,000 kati ya 48,300, ambayo ni kama asilimia sita. Anayepatana bei kwa kutazama unga anapatana juu ya kitu ambacho karibu hakimo.

Wakulima wa huku mtanielewa haraka nikisema shemeji alikuwa akijifanyia kangomba mwenyewe. Kangomba tunaijua: mkulima mwenye shida ya fedha anauza korosho zingali mtini, kwa bei ya anayetoa fedha, na hesabu ya palizi, salfa na jasho haimo kabisa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/08, pamoja na malalamiko yake yote, ulimlazimu mkulima aone bei ikitangazwa mbele yake. Mwokaji wa nyumbani hana mnada. Daftari lake ndilo mnada wake.

Bei mpya ikawa 55,000. Inabakiza 6,700, na hizo shemeji anaziweka kando kwa ajili ya vyombo. Sitaki kudanganya kwamba wateja walishangilia. Katika mwezi wa kwanza wawili walikwenda kwa mwokaji mwingine. Mmoja alirudi, mwingine hakurudi. Lakini bei ya juu ilimpa shemeji swali zuri zaidi: asiye na 55,000 apewe nini?

Jibu alilipata mwenyewe, bila mchumi. Anachukua nusu ya vipimo, anagawa rojo kwenye mabakuli matatu tu, kisha anamimina vijiko viwili vya rangi ya kwanza katikati ya sufuria, juu yake viwili vya rangi ya pili, juu yake vya tatu, anarudia mpaka rojo linaisha. Rojo linajisukuma lenyewe kwenda pembeni. Ikiiva na kukatwa, ndani ina mistari kama pundamilia wa rangi. Rojo linaingia motoni lote mara moja, kwa hiyo halichakai bakulini. Uokaji ni mmoja wa dakika 50, na kazi yote saa tatu. Vitu vya keki 7,000, rangi 1,000, mkaa 1,200, boksi na ubao 2,500, kazi 4,500. Jumla 16,200, anauza 18,000. Haina krimu. Mtoto anapata rangi zake, mzazi wa Julai anapumua. Kwa maoni yangu hii ndiyo biashara yenyewe kwa mji kama wetu, na ile ya matabaka sita ni ya kujitangazia.

Kuna mambo ambayo mwokaji hayawezi. Ngano nyingi tunayokula Tanzania inatoka nje, nyingine Urusi, na vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 tuliiona bei hadi kwenye chapati. Mwanzoni mwa 2024 sukari nayo iliadimika baada ya mvua kubwa kuvuruga uvunaji wa miwa. Anayepokea oda leo ya keki ya mwezi ujao kwa bei ya leo amebeba hatari hiyo peke yake. Shemeji sasa anachukua nusu ya fedha siku ya kuagiza, na siku hiyo hiyo ananunua sukari na siagi.

Watu huniuliza kuhusu unga wa muhogo, kwa kuwa muhogo tunao. Tumejaribu. Muhogo hauna ile nguvu ya kunata iliyo kwenye ngano, kwa hiyo tabaka jembamba linavunjika ukilinyanyua. Kwenye keki ya pundamilia, ambayo ni nene na hainyanyuliwi vipande vipande, sehemu moja ya muhogo kwa nne za ngano inakaa vizuri. Ila uwe unga wa muhogo unaoujua ulikotoka, uliolowekwa na kukaushwa sawasawa, kwani aina chungu za pwani si za kuchezea, hasa kwa watoto.

Na rangi. Kwenye masoko yetu rangi za kuchovya ukili wa mikeka zinauzwa kwenye vipakiti vidogo vinavyong'aa, na bei yake inashawishi. Hizo si chakula. Nunua rangi iliyoandikwa kuwa ni ya chakula, yenye jina la mtengenezaji na tarehe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umehamia TBS, na mjasiriamali mdogo anayetaka kusonga mbele anaweza kuanzia ofisi ya SIDO hapa Mtwara, akaelekezwa namna ya kufuata viwango.

Lipo moja linaloniudhi. Juu ya keki zetu tunanyunyiza vipambo vya sukari vilivyosafiri kwa meli, wakati korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Vipande vya korosho, vilivyovunjika wakati wa kubangua, ni rahisi kuliko korosho nzima. Vikikaangwa kidogo na kusagwa vinapamba ubavu wa keki na kupunguza krimu, ambayo ndiyo kitu cha gharama kubwa kuliko vyote humo ndani. Shemeji amepunguza krimu kwa theluthi moja kwa njia hiyo.

Krimu ina tatizo lake jingine. Julai kuna kusi na kibaridi, keki inakaa chini ya mwembe tangu saa tisa mpaka watoto wamalize kuimba. Fedha za korosho zinapoingia, Novemba na Desemba, na oda zinapomiminika, ndipo joto linapokuwa kali na krimu inateremka kama nta. Msimu wa fedha na msimu wa krimu havipatani. Ndiyo maana kuanzia Novemba shemeji anapeleka keki ya matabaka asubuhi tu, na amepigilia vijiti vitatu virefu vya mwanzi kutoka juu hadi chini ili matabaka yasiteleze kwenye bajaji.

Vijiti hivyo vilijaribiwa Desemba. Oda ilitoka Msimbati, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, na mwisho wa njia ni mchanga mtupu. Mteja ni mama anayenunua pweza kwa wavuvi, na fedha yake inakuja na bamvua, maji yanapokauka mbali na pweza kupatikana. Akaomba alipe nusu ya kwanza baada ya bamvua. Zamani shemeji angemkubalia, aanze kununua vitu kwa fedha ya vitumbua. Safari hii alimwambia: bamvua ikipita, tuma nusu, siku hiyo ndiyo nanunua sukari. Shilingi 27,500 ziliingia kwenye simu baada ya siku nne. Usafiri ulilipwa na mteja, kando. Keki ilifika imeinama kidogo upande wa kijani, lakini rangi zilikuwa sita.

Mwezi uliopita nimepeleka oda ya mwaka huu. Nilidhani kwa vile daftari ni langu nitapewa heshima fulani. Shemeji alifuta mikono kwenye kanga, akalifungua lile daftari, ambalo sasa lina jalada la plastiki, akaandika jina la mwanangu na tarehe.

"Nusu sasa hivi," akasema. "Hata wewe, shemeji. Na siku ya kuoka usije."